Kaunti ya vijijini Marekani: maana yake, na kwa nini inapungukiwa watu

Mkenya akisikia neno kaunti, hufikiria gavana, bunge la kaunti na mgao wa fedha kutoka Nairobi. Kaunti ya Iowa, jimbo la Magharibi ya Kati ya Marekani, ni kitu kingine kabisa. Gavana ni wa jimbo zima. Kaunti yenyewe huongozwa na wasimamizi watatu au watano, na pembeni yao wapo sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti), mwendesha mashtaka, mweka hazina na msajili wa hati za ardhi, wote wakichaguliwa kwa kura. Sehemu kubwa ya fedha yao ni kodi ya ardhi na majengo ya hapo hapo. Iowa ina kaunti 99, na iliyo ndogo kuliko zote kwa watu ni Adams: sensa ya 2020 ilihesabu watu 3,704. Kata moja ya Kenya, kwa wastani, ina zaidi ya 30,000.

Ili kuelewa udogo huo, anza na kamba ya mpimaji. Sheria ya 1785 iliagiza ardhi ya serikali ipimwe kabla ya kuuzwa: miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba ukigawanywa vipande 36 vya ekari 640, na kipande namba 16 kitengwe kwa ajili ya shule. Ndiyo maana hadi leo barabara za huko zimenyooka na hukatana karibu kila maili. Mipaka ilichorwa kwanza, walowezi wakaja kuijaza. Na ardhi haikuwa tupu. Wapotawatomi, watu wa asili ya Marekani waliokuwa kusini-magharibi mwa Iowa, walitia saini mkataba wa kuiachia mwaka 1846, mwaka ule ule Iowa ilipokuwa jimbo. Wameskwaki, kabila jingine la wenyeji, nao walikuwa wameondolewa, lakini mwaka 1857 walinunua ardhi kwa fedha zao katika Kaunti ya Tama, na bado wapo.

Kaunti zilikatwa ndogo kwa sababu mkulima alisafiri kwa farasi, na alihitaji kufika kwenye jengo la mahakama, zilimokuwa ofisi za kaunti, kusajili hati yake bila kupoteza juma zima. Mji uliopata jengo hilo ulipata pia mawakili, benki na maduka. Makao makuu ya Adams yalikuwa Quincy. Reli ilipopita Corning, yakahamia huko miaka ya 1870. Karibu na Corning kulikuwa hata na Icaria, jumuiya ya wajamaa kutoka Ufaransa waliomiliki mali kwa pamoja mpaka wakavunja jumuiya yao mwaka 1898. Mwaka 1900 Adams ilikuwa na watu zaidi ya 13,000.

Wamekwenda wapi? Wapo wanaolaumu siasa, na wapo wanaolaumu vijana kupenda mjini. Mimi naona sababu kubwa ni kwamba kilimo kilifanikiwa mno. Shamba la ekari 160 lililolimwa kwa farasi lilihitaji familia nzima na vibarua. Leo mtu mmoja mwenye trekta kubwa na mashine ya kuvunia hulima mahindi na soya katika ekari elfu na zaidi. Mavuno hupanda huku wavunaji wakipungua, na kila familia inayouza shamba huondoka na watoto wa shule na wateja wa duka.

Kisha ikaja miaka ya 1980. Muongo uliotangulia bei zilikuwa nzuri, wakulima wakakopa kwa dhamana ya ardhi. Riba ikapandishwa ili kuzima mfumuko wa bei, na Januari 1980 Rais Carter akazuia nafaka kuuzwa Urusi ya Kisovieti kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan. Ekari ya Iowa iliyokuwa na bei ya wastani ya dola 2,147 mwaka 1981 ilishuka hadi dola 787 mwaka 1986. Aliyekopa kwa bei ya juu alibaki na deni kubwa kuliko shamba. Mashamba yakapigwa mnada, na benki kadhaa za vijijini zikafuatia. Lakini ugomvi wa bei ulikuwa wa zamani: chama cha wakulima cha NFO kilizaliwa Corning mwaka 1955, na mwaka 1967 wanachama wake walimwaga maziwa kuliko kuyauza kwa hasara.

Tatizo la leo ni hesabu. Barabara na madaraja hayapungui watu wanapopungua, na sherifu lazima awepo. Sekondari ya Corning sasa inashirikiana na ya Villisca, iliyo kaunti jirani. Hospitali nyingi za kaunti kama hizi huendeshwa chini ya mpango wa serikali kuu wa 1997, usioruhusu zaidi ya vitanda 25, na baadhi zimefunga wodi za wazazi, hivyo mjamzito husafiri kaunti nyingine kujifungua. Mitambo ya upepo imeleta kodi mpya, pamoja na ugomvi kati ya majirani.

Kwa nini basi kaunti zisiunganishwe? Wazo hilo hurudi kila baada ya muda, lakini mji utakaopoteza mahakama unajua yaliyoipata Quincy.

Si kaunti zote zinazopungua. Storm Lake, katika Kaunti ya Buena Vista, imepata wahamiaji wengi kupitia viwanda vya nyama ya nguruwe na bata mzinga. Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyowavuta Wakongomani wanaozungumza Kiswahili mpaka Waterloo, mji mwingine wa jimbo hilo hilo. Lakini kutegemea kiwanda kimoja nako kuna hatari: mwaka 2024 kampuni ya nyama ya Tyson ilifunga kiwanda chake cha nguruwe mjini Perry, na ajira zipatazo 1,300 zikapotea katika mji wa watu wasiofika 8,000.