Ukikata koili unaongeza umeme, hupunguzi

Huyu wa leo ni wa tatu wiki hii. Jumatatu alikuja mwanafunzi wa hosteli, Jumatano mama lishe, na asubuhi hii dada mmoja kabeba jiko la koili kwenye mfuko wa sandarusi. Kaliweka mezani na kusema yaleyale: "Kaka fundi, luku inaisha haraka mno. Nikatie koili kidogo lipunguze kula umeme." Nikamuuliza nani kamfundisha. Fundi wa mtaani kwao, na mara ya kwanza alimkatia bure kabisa, kama sadaka.

Naandika haya ili wa nne akija nimpe simu asome, mimi niendelee na pasi za watu.

Koili haihifadhi umeme ndani yake. Wengi huona waya mrefu wakadhani ni tumbo kubwa, linakula sana. Ukilipunguza, litakula kidogo. Kazi ya ule waya ni kuuzuia umeme. Kila sentimita inaongeza kizuizi, na ukiondoa sentimita umefungua njia. Wati ni volti mara volti, gawanya kwa om (kipimo cha kizuizi). Volti za ukutani huzigusi, ni 230 hapa Tanzania (ndugu wa Kenya wekeni 240). Kinachobaki mikononi mwako ni om, na om ukizipunguza wati zinapanda. Hakuna mkasi unaoweza kulibadilisha hilo.

Jiko la wati 1000 kwenye volti 230 linataka om 53 hivi. Kata robo ya koili, zinabaki om 40, na jiko limekuwa la wati 1333. Ulikuja na jiko moja, umeondoka na jiko moja na theluthi, na fundi umemshukuru.

Sasa nikiri jambo ambalo hao mafundi hunipiga nalo, maana si waongo kabisa. Ukikata koili chai inachemka mapema. Unazima mapema. Lita 2 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 zinahitaji uniti 0.17 kama hakuna moto unaopotea, na mahitaji hayo hayabadiliki uwe na wati 1000 au 1333. Je, jiko kali linapoteza moto mwingi zaidi pembeni au kidogo zaidi? Kwa sufuria yenye mfuniko na mtu aliyesimama pale kuzima, jiko kali laweza hata kushinda, kwa sababu sufuria haipati muda mrefu wa kupoa ubavuni. Nimejaribu karakana, sufuria ileile, maji yaleyale, na tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba luku haikunipa jibu la kutamba nalo. Kwa hiyo mtu wa chai pekee sina ugomvi naye mkubwa.

Ugomvi wangu ni wa maharage. Maharage yakishachemka hayahitaji wati 1333, hayahitaji hata 600. Yanataka moto wa kuyatunza tu. Haya majiko yetu mengi hayana rigileta (kitufe cha kupunguza moto), yana swichi ya washa na zima, basi. Jiko la wati 1000 likiwaka muda wa saa mbili limekula uniti 2. Lile lililokatwa limekula 2.67, na maharage hayajaiva mapema hata kidogo, maana maji yanayochemka kwa fujo na yanayochemka kwa upole yana joto lilelile. Hiyo 0.67 ya ziada imegeuka mvuke umepanda darini. Dada anaona luku inakimbia, anarudi kwa fundi, fundi anakata tena. Nimeshapokea koili iliyobaki nusu yake, na mwenyewe anaapa kwamba umeme siku hizi umekuwa mwepesi.

Halafu wanakuja na shitaka la pili: koili za siku hizi feki, hazimalizi mwezi. Zipo mbovu, sikatai. Lakini nyingi zinauawa na mkasi. Waya unapoa kwa ngozi yake. Chukua waya wa nikromu (nikeli na kromu, waya wa kawaida wa koili) wa nusu milimita: kwa om 53 unahitaji mita 9 na nusu, na ngozi yake yote ni kama sentimita mraba 150. Wati 1000 zikigawanywa hapo, kila sentimita mraba inabeba wati 6.7, na hilo kwa koili iliyo wazi kwenye sahani ya udongo ni mzigo wa kawaida. Kata sehemu moja ya kumi tu. Wati zinapanda hadi 1111 na ngozi inapungua hadi 135, kila sentimita sasa inabeba wati 8.2. Umekata kumi kwa mia, mzigo umepanda karibu robo. Kata robo ya koili na mzigo unapanda kwa zaidi ya asilimia 75. Ndiyo maana koili iliyounganishwa mara tatu inawaka nyeupe kama taa ya gari, mwenyewe anafurahi, wiki ya pili imekatika.

Hapo ndipo uchaguzi wa waya unapoingia, na hapo pia kuna imani nyingine: waya mwembamba unabana matumizi. Unaweza kupata wati 1000 zilezile kwa waya wa milimita 0.4, ila utatosha mita 6 tu, ngozi sentimita mraba 77, na kila moja inabeba wati 13. Umeme unaolipia ni uleule, waya umekonda na unabebeshwa mzigo mara mbili. Mimi kwa jiko la sahani moja siendi chini ya 0.5. Mnene zaidi ya hapo ni bora kwa uhai, lakini unarefuka mpaka mfereji wa sahani unakataa kuumeza, na hilo ndilo linaloniamulia.

Tahadhari moja ya namba za unene wa waya, nayo imenigharimu rola nzima. Namba 24 ya Kiingereza ni milimita 0.559, namba 24 ya Kimarekani ni 0.511. Kwa macho ni mapacha. Kwa om, wanaachana karibu asilimia 20. Usimwamini muuzaji anayekwambia "namba 24 ni namba 24". Pima kipenyo kwa mikromita, au kata mita moja kamili upime om zake: nikromu ya 0.5 inatoa om 5 na nusu hivi. Hata koili zilizosokotwa tayari pimeni. Pakiti nyingi zinaandika wati kwa volti 220, kwa hiyo ya 1000 iliyo kweli inatoa om 48, na ukutani kwako inakuwa karibu 1100. Niliwahi kupima ya 1000 ikasoma 38. Hiyo ni 1400 iliyovaa shati la mdogo wake. Kwa multimita, pimeni koili ikiwa baridi na jiko likiwa limechomolewa. Nikromu ikiwaka om zinapanda asilimia chache tu, haibadiliki kama balbu ya nyuzi.

Na sumaku! Kuna mtu kawafundisha watu kwamba waya ukinaswa na sumaku ni feki. Nikromu, ile mchanganyiko wa nikeli 80 na kromu 20 aliyoipatia hataza Mmarekani Albert Marsh mwaka 1906, kweli hainaswi, ingawa nikeli peke yake inanaswa. Lakini kuna ukoo wa pili, chuma na kromu na alumini, ambao Wasweden wa Hallstahammar waliufanya biashara kwa jina la Kanthal tangu 1931. Huo unanaswa na sumaku vizuri sana, na unastahimili joto kuliko nikromu: Kanthal A-1 inafika nyuzi 1400, nikromu ya 80/20 inakomea karibu 1200. Mteja mmoja alinirudishia rola nzuri ya Kanthal akitikisa sumaku mbele ya watu kama kamshika mwizi wa kuku.

Sumaku itumieni, ila kwa swali lingine: huu waya nitaushikaje baada ya kuungua? Ukoo wa chuma na alumini ukishawaka mwekundu mara moja, ukipoa unakuwa kama biskuti. Ukiuvuta baridi, unakatika mahali pengine, unaunganisha, unakatika tena, unatukana. Nikromu inabaki laini zaidi, inakubali kurekebishwa. Kwa jiko la nyumbani ambalo najua litarudi kwangu kwa sababu uji umemwagika, nachagua nikromu. Uji wenyewe ni adui kuliko moto: chumvi inakula waya, na sukari ikiungua inakuwa mkaa unaounganisha mizunguko jirani.

Kusokota kwenyewe hakuna siri. Nondo laini ya milimita 6 kwenye drili ya taratibu, waya umebanwa mwanzo, mkono wenye glovu unaukaza, mizunguko inagusana. Mita 9 na nusu zinatoa mizunguko kama 465, urefu wa sentimita 23 kabla ya kuvuta. Ongeza kipande kila mwisho, kikunje mara mbili na kukisokota, ili mkia uliopo kwenye skrubu uwe baridi. Mkia wa waya mmoja ndio unaounguza skrubu na kuyeyusha soketi, halafu lawama anabebeshwa soketi. Kisha vuta, mara tatu hadi nne ya urefu, kwa mkupuo mmoja ulio sawa. Watu wanavuta kama wanapima lastiki, hapa wazi, pale pamebanana. Palipobanana mizunguko inachomana, pekundu kuliko kwingine, na hapo ndipo itakapokatika. Washa bila sufuria, chumba kikiwa na giza, sekunde chache, zima, tazama. Doa linalowaka kabla ya wenzake, chomoa plagi, subiri ipoe, lipanue. Rudia. Uwakaji huo wa kwanza ndio unaoupa waya gamba lake la oksidi, na gamba ndilo kinga yake.

Vijana wanaosokota koili za sigara za umeme wanajua kazi hiyo ya kuwasha na kutazama kuliko mafundi wengi wa majiko, nawapa heshima yao. Ila na wao wana ugonjwa uleule. Mmoja alikuja na koili ya om 0.2 na betri ya 18650 (ile ya lithiamu ya duara) aliyoitoa kwenye laptopu kuukuu, anasema om ndogo ni moto mdogo. Volti 4.2 kwa 0.2 ni ampea 21, wati 88, kutoka kwenye betri iliyozoea kulisha kompyuta polepole, tena kitu kinashikwa karibu na uso. Nikamwambia mdogo wangu, hiyo siigusi, na wewe usiiguse.

Kiungo sasa. Koili imekatika katikati, mteja hana hela ya mpya, ufanyeje? Bati ya kulehemu haifai, inayeyuka kabla waya haujawa hata mwekundu. Vitabu vinasema badilisha koili, na vitabu havijakaa na mteja mwenye elfu mbili. Mimi nakwangua gamba kwa msasa hadi waya ung'ae, maana lile gamba linalolinda ndilo pia linalozuia umeme kupita kwenye kiungo, kisha napachika kibomba kidogo cha chuma kisichoshika kutu na kukibana kwa plaizi. Kuna vya hivyo vilivyomaliza mwaka. Kuna vilivyofia mlangoni kwangu mteja hajafika kituoni. Mkono ni uleule na msasa ni uleule. Siku hizi simwahidi mtu, na kiungo hicho sikitozi zaidi ya bei ya kibomba. Nisichofanya ni kuvuta ncha mbili na kuzifunga kindoano ili koili ifike, maana hapo nimekata bila kukata.

Na swichi iwe kwenye waya wa moto, tafadhali. Koili imekaa wazi, sufuria ya alumini iko juu yake. Swichi ikikatisha nyutro (waya wa kurudi), koili bado ina umeme, jiko limezimwa kwa macho tu. Wengine wametoa fyuzi ya plagi wakaweka uzi wa shaba. Hao sina maneno nao leo.

Dada wa asubuhi nilimweleza nusu ya haya, akanitazama kama wakala wa mauzo. Nikamwomba aniachie jiko. Namsokotea om 66, mita 12 za waya uleule wa nusu milimita, wati 800. Ugali utamchelewesha na atanung'unika, nimemwambia. Akauliza kama anaweza kupata ya wati 800 ila yenye moto wa 1300. Nikamwambia anunue mfuniko.