Mbolea ya shambani na maji ya kunywa: maswali ya wakulima wa kando ya Ziwa Victoria

Shamba langu liko mbali na ziwa. Linahusikaje na maji ya watu wa Mwanza?

Liko mbali na ziwa, ila korongo lipo hapo hapo nyuma ya nyumba. Mvua kubwa ikipiga shamba tupu, maji hushuka na udongo hadi kijitoni, kijito kikaingia mtoni. Mto Simiyu hukusanya maji ya mashamba ya pamba, mahindi na mpunga na kuyamwaga Ghuba ya Speke, wilayani Magu. Yale maji ya kahawia yanayopita chini ya daraja la Simiyu wakati wa mvua yamebeba udongo wa juu wa mashamba ya watu, pamoja na mbolea waliyoinunua kwa shida.

Mbolea hulisha mimea. Inamdhuru mtu kwa njia gani?

Ikifika ziwani hulisha mwani. Kati ya virutubisho vya mbolea, fosforasi husafiri imenata kwenye udongo, naitrojeni huyeyuka majini, na kwenye ghuba zenye maji ya uvuguvugu yasiyotembea sana mwani huzaliana upesi. Maji hugeuka kijani, ukingoni hujikusanya utando mzito wenye harufu ya kuoza. Baadhi ya mwani huo hutoa sumu iitwayo maikrosistini, ambayo hushambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji anayokunywa mtu miaka yote. Aliyekunywa au kuoga maji yenye sumu nyingi anaweza kuwashwa ngozi, kutapika na kuhara. Ng'ombe na mbwa wanaweza kufa. Samadi inayosombwa na mvua nayo huleta vimelea vya kuhara.

Nikichemsha si yanakuwa salama?

Hapa nawaomba msome polepole. Kuchemsha huua vimelea vya kuhara na kipindupindu, kwa hiyo endeleeni kuchemsha. Lakini sumu ya mwani haiharibiki kwa moto wa jikoni. Maji yakipungua sufuriani sumu hubaki, na mwani uliokuwa mzima hupasuka na kuitoa iliyokuwa ndani yake. Vidonge vya kutibu maji nyumbani navyo visitegemewe kwa sumu hii. Naitreti itokanayo na mbolea pia haiondoki kwa kuchemsha, na maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji yenye naitreti nyingi ni hatari kwa mtoto mchanga: damu yake hushindwa kubeba oksijeni.

Usichote wala kunywesha mifugo penye utando wa kijani. Tumia maji ya bomba, ya mvua, au ya kisima kilichofunikwa kilicho mbali na zizi na choo.

Sina fedha. Nianze na nini shambani?

Anza na matuta yanayokinga mteremko. Mimi ningeweka hili mbele ya mengine yote, maana udongo ukibaki, fosforasi nyingi hubaki nao.

Tuta lisipande wala kushuka. Kupata usawa huo, funga miti mitatu iwe kama herufi A, kisha ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka juu. Simamisha, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati. Badilisha miguu, kila mmoja ukae pale uliposimama mwenzake, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Sasa tembea na fremu hiyo shambani. Kila kamba inapotulia kwenye usawa, chomeka kijiti kwenye miguu yote miwili. Tuta lifuate vijiti. Chini ya shamba panda mstari wa mabingobingo. Yatanasa udongo, na ng'ombe watapata majani.

Mwenye majaruba asifungue maji mara baada ya kuweka mbolea. Ayafungie siku kadhaa mpunga ule kwanza.

Mbolea niiweke lini?

Usiiweke wingu zito likiwa limetanda. Pima kwa kizibo cha soda kwa kila shimo, fukia, na ya kukuzia igawe mara mbili.

Nalima mchicha ukingoni kabisa. Nifanyeje?

Najua mchicha huo ndio ada ya watoto. Hata hivyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto ziachwe bila shughuli zinazoweza kuharibu maji, na matete na mafunjo unayoyafyeka ndiyo yanayochuja uchafu. Sogea juu, yaache yaote. Bomba la kunyunyizia dawa ya wadudu usilioshee ziwani kamwe. Chupa ya dawa isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishe kwenye bomba uyanyunyize shambani.

Mbona hamsemi majitaka ya mjini?

Tunasema. Uchafu wa mjini hushuka na Mto Mirongo hadi ziwani, na wenye mji wawajibike. Lakini sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka hewani, kwa vumbi na moshi unaoshushwa na mvua. Kwa hiyo mabua ya mahindi na mpunga msiyachome. Yalazeni yafunike udongo. Ya pamba ni habari nyingine: hayo hung'olewa na kuchomwa ili kuua funza wa pamba.