Kwa nini pleti ya springi haichomelewi

Malori yanayobeba mahindi kutoka vijijini kwenda soko la Kibaigwa hupita kwenye makorongo na vumbi kabla ya kuikuta lami, tena yakiwa yamejazwa mpaka juu. Ndiyo maana gereji za huku Dodoma hazikosi pleti za springi zilizokatika, yaani zile bapa za chuma zinazopangwa tabaka juu ya tabaka kubeba uzito wa lori. Mimi ni mhandisi wa metali, na mafundi huniuliza sana: "Injinia, si tuichomelee tu?" Hapana. Nataka nieleze kwa nini, maana anayeumia pleti ikiachia mlimani ni dereva na utingo wake.

Tuchukue chuma kimoja kinachotumika sana kwa springi, 51CrV4. Kina kaboni kama asilimia 0.5, kromi karibu asilimia 1, na vanadi asilimia 0.10 hadi 0.25. Kiwandani hutiwa matiko kwa hatua mbili. Kwanza hupashwa moto hadi nyuzijoto kama 850 za Selsiasi na kuzamishwa kwenye mafuta. Kikitoka hapo ni kigumu kupindukia, lakini kikigongwa kinapasuka kama kigae. Kwa hiyo hurudishwa kwenye moto wa wastani, nyuzijoto 450 na kitu hivi, kipungue ugumu na kiweze kustahimili mishtuko. Kazi ya kromi ni kuhakikisha matiko yanafika hadi kiini cha pleti nene. Vanadi huzuia chembechembe za chuma zisikue zikawa kubwa.

Wengi hudhani matiko hufanya chuma kiwe kikaidi zaidi kupinda. Sivyo. Chuma cha springi na chuma laini cha mageti vina moduli ya unyumbufu (kipimo cha jinsi chuma kinavyokataa kupinda au kuvutika) inayokaribiana sana, kama gigapaskali 200 hivi. Ukivipakia mzigo uleule, vikiwa na vipimo sawa, vitapinda karibu sawa. Kinachotofautiana ni kikomo cha kurudi. Chuma cha mageti kikipita mkazo (nguvu kwa eneo) wa megapaskali 250 hivi kinabaki kimepinda. Cha springi kilichotiwa matiko vizuri hufika 1,200 na bado kinarudi. Tafsiri yake ni hii: kipande cha mita moja cha springi kinaweza kuvutwa karibu milimita 6 na kurudi urefu wake, wakati cha geti hakizidi milimita 1.3. Na kwa kuwa nishati inayohifadhiwa hukua kwa kipeo cha pili cha mkazo, springi humeza zaidi ya mara 20 ya nishati ambayo chuma laini kingeweza kuimeza bila kuharibika. Hilo lote limetokana na moto uliopimwa.

Sasa lete mashine ya kuchomelea. Chuma kilicho pembeni mwa mshono kinapita nyuzijoto 800, kisha sehemu baridi ya pleti inakinyonya joto kwa kasi. Hapo umekizamisha upya bila ile hatua ya pili: ukanda mgumu, mkavu, unaosubiri ufa. Mbele kidogo kuna ukanda mwingine uliopashwa kupita 450 bila kufika wekundu, huo umelegea. Grenda ikishapita juu, kazi inapendeza na udhaifu wote umefichika.

Kurudisha umbo la pleti iliyolala, yaani iliyopoteza mkunjo wake, kwa moto wa gesi ni kosa la jamii hiyohiyo. Ikiachwa ipoe hewani, matiko yamekwisha, nayo italala tena baada ya safari chache. Ikimwagiwa maji, inaweza kupasuka hapohapo, kwa kuwa chuma hiki kinataka mafuta. Springi iliyolala ibadilishwe, na unene wa pleti mpya upimwe kwa makini: ukaidi wake hufuata kipeo cha tatu cha unene, hivyo ongezeko la asilimia 10 tu linaongeza ukaidi kwa asilimia 33.

Pleti ikikatika, usikimbilie kuitupa. Iangalie uso wake. Sehemu laini yenye mistari ya mviringo inaonyesha ufa uliokua polepole kwa uchovu wa chuma, na ile yenye chengachenga ndiyo iliyokatika mwishoni kwa ghafla. Fuata mistari hadi chanzo chake. Mara nyingi utakuta mkwaruzo, kutu iliyochimba, au tundu la senta bolti, ile bolti ya katikati inayoshikilia pleti pamoja. Kama ni kwenye tundu, kagua kwanza yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Zikilegea, pleti hucheza na kupinda palepale ambapo tundu limeshaipunguzia nguvu, na hata springi mpya ya kiwango cha juu itakatikia hapo. Zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari, halafu zikaguliwe tena lori likishatembea na mzigo.