Dawa ya Chunusi Iachwe Kabla ya Kuacha Uzazi wa Mpango

Swali hili limezidi kwenye dirisha letu la dawa, kutoka kwa wanawake wanaomeza spironolaktoni kwa ajili ya chunusi na sasa wanataka kupata mimba: “Nikikosa siku zangu, ndipo niache spironolaktoni?” Hapana. Wakati huo umeshachelewa.

Spironolaktoni ni dawa ya moyo, presha na maji kujaa mwilini. Madaktari wa ngozi huwaandikia pia wanawake wenye chunusi sugu za kidevuni na kwenye taya, kwa kuwa inazuia kazi ya homoni za kiume. Mtoto wa kiume aliye tumboni anazihitaji homoni hizohizo ili viungo vyake vya uzazi viumbike. Kwa wanyama wa maabara madhara kwa viungo hivyo yameonekana. Kwa binadamu taarifa ni chache, na uchache huo si ruhusa.

Anza kwa daktari aliyekuandikia. Dawa ya chunusi inatangulia kuachwa, kinga ya mimba inaendelea angalau mwezi 1, kisha nayo inaachwa. Kosa la wengi ni kuacha vyote siku moja. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, inaanza kabla ya mimba kutungwa. Unayemeza spironolaktoni kwa ajili ya moyo au presha, usiache hata kidonge kimoja kabla ya kuonana na daktari wako.

Isotretinoini, dawa nyingine ya kumeza ya chunusi, si dawa ya homoni, tafadhali tusizichanganye. Hiyo huharibu uumbaji wa mtoto waziwazi: mimba hairuhusiwi mwezi 1 kabla, muda wote wa matumizi, na mwezi 1 baada. Doksisaiklini, antibiotiki inayotumika pia kwa chunusi, nayo haimfai mjamzito. Za kupaka zipo, kama asidi ya azelaiki, ila uliza kwa mfamasia. Muuza vipodozi si mfamasia, na kopo lisilo na lebo halina “asili” yoyote tunayoweza kuithibitisha.

Umegundua una mimba na bado unameza? Acha dawa ya chunusi, uje kliniki wiki hiyohiyo. Usikimbilie kuitoa mimba kwa hofu. Tutajaza fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania): jina la dawa, kipimo, tarehe ya kuanza na ya kuacha, namba ya toleo. Fomu haimwadhibu mgonjwa. Njoo na pakiti yenyewe, maana “kile kidonge cheupe cha duara” hatuna pa kukiandika.