4,294,967,297: namba iliyojivika utasa

Wanafunzi wangu wakiniuliza ni namba gani ninayoipenda, huandika 4,294,967,297 ubaoni na kuwaachia waihangaikie. Ni witiri, kwa hiyo 2 imeshatoka. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 nayo haiingii. 5 haiingii, 7 haiingii, 11 haiingii. Haupiti muda darasa zima linaapa kwamba ni namba tasa.

Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini hivyo hivyo. Mnamo 1640 alizitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537. Hizi unazipata ukiipa 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ukaongeza 1. Zote tano ni tasa. Inayofuata ni hii yetu, 2³² + 1, naye akaona mfululizo hautakatika.

Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaukata: namba hii ni 641 × 6,700,417. Baadaye alieleza kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64. Ukifuata njia hiyo, wa kujaribiwa ni wachache mno: 193, 257, 449, 577, na wa tano ndiye 641 mwenyewe.

Lakini uthibitisho ninaoupenda hauhitaji kugawanya kabisa. Itazame 641 kwa makini. Ni 5 × 2⁷ + 1, na papo hapo ni 5⁴ + 2⁴. Zidisha umbo la pili kwa 2²⁸, upate 5⁴ × 2²⁸ + 2³², kigawe cha 641. Sasa rudi kwenye umbo la kwanza: 5 × 2⁷ imepungukiwa 1 tu kuifikia 641, kwa hiyo ukiipa kipeo cha nne, itabakiza 1 ikigawanywa kwa 641. Yaani 5⁴ × 2²⁸ − 1 nayo ni kigawe cha 641. Toa hii kwenye ile. Kinachobaki ni 2³² + 1. Kila ninapoufikia mstari huo wa mwisho, bado nasisimka.

Ina vigawo vinne tu. Ukiiondoa yenyewe, vilivyobaki vinajumlika kuwa 6,701,059, kwa hiyo ni namba pungufu, yaani jumla hiyo haiifikii namba yenyewe, tena pungufu sana. Pia ni jumla ya miraba miwili kwa njia mbili: 65,536² + 1² na 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili, kwa hiyo hilo peke yake linatosha kuikatalia utasa.

Halafu ni tasa bandia, yaani si tasa lakini inafaulu kipimo cha utasa. Kuna kipimo kinachotokana na kanuni ya Fermat mwenyewe: ikiwa N ni tasa na ni witiri, basi 2 ikipewa kipeo cha N − 1 lazima ibakize 1 ikigawanywa kwa N. Namba yetu inafaulu, kwa sababu 2⁶⁴ tayari inabakiza 1, na N − 1, yaani 2³², ni kigawe cha 64. Ukiweka 3 mahali pa 2, baki halitoki 1 tena, na inaumbuka hapo hapo.