Kikomo cha fidia hakizuii kesi za kipuuzi

Kazi yangu ni kesi za fidia huku Marekani, za watu walioumia kwa uzembe wa wengine, na kila uchaguzi ukikaribia wateja wananiletea maneno yaleyale waliyoyasikia kwa wagombea. Hili la kwanza limenichosha kabisa.

"Wakiweka kikomo cha fidia, kesi za kipuuzi zitaisha."

Hapana jamani. Hebu angalieni kikomo kinaanza kufanya kazi lini. Kwanza kesi ifunguliwe, jaji asiitupe, juri (raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi) isikilize mashahidi wote, iamue kwamba mdaiwa kweli ana makosa, halafu itaje pesa ya maumivu na mateso inayozidi kikomo, hapo ndo sheria inaingia na kukata. Sasa kesi ya kipuuzi itafikaje huko? Hiyo inatakiwa itupwe mapema, na kwenye mahakama za shirikisho, zile za serikali kuu ya Marekani, kuna Kanuni ya 11 inayomruhusu jaji kumwadhibu wakili aliyeipeleka. Kwa hiyo anayekatwa ni mtu aliyeshinda, tena kati ya walioshinda ni yule aliyeumia vibaya kuliko wengine.

Halafu kinachokatwa ni nini? Kwenye kesi za kuwashtaki madaktari mara nyingi ni hiyo pesa ya maumivu tu, mshahara uliopotea na gharama za matibabu haviguswi. Sawa, kama una mshahara mkubwa. Mkurugenzi akipooza kwa kosa la daktari anadai kipato cha miaka yote iliyobaki, lakini bibi mstaafu aliyepooza vilevile hana kipato cha kudai, sehemu kubwa ya kesi yake ni hayo maumivu. California waliweka dola 250,000 mwaka 1975 wakaiacha hapohapo, bei za vitu zinapanda yenyewe imekaa, mpaka sheria ya 2022 iliyoipandisha kuanzia 2023 ikawa 350,000, au 500,000 mgonjwa akifariki, na inaongezeka kila mwaka. Texas nao 2003 wakachukua 250,000 ileile kwa madaktari. Sasa wakili anayelipwa theluthi ya fidia, na anatakiwa atangulize hela ya madaktari wa kutoa ushahidi, anapiga hesabu anaona kesi ya bibi haimlipi, anaikataa. Kesi ya kweli kabisa, ina ushahidi, imekufa kabla ya kufunguliwa, na hapa ndo nakasirika kwa sababu mgombea anasimama jukwaani anasema amewakomesha matapeli.

"Lakini yule mama wa kahawa alipewa mamilioni." Stella Liebeck alikuwa na miaka 79, abiria kwenye gari iliyosimama, mwaka 1992 kule Albuquerque, kahawa ya McDonald's ikamuunguza vibaya mpaka akapandikizwa ngozi. Aliomba kama dola 20,000 wakakataa. Mahakamani ikaonekana kampuni ilishapokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu kuungua. Juri ikataja dola milioni 2.7 za kuiadhibu kampuni, jaji akazishusha hadi 480,000, wakamalizana kwa makubaliano ya siri. Tafadhali msiniletee tena huo mfano.

"Rais mpya atabadilisha." Sehemu kubwa ya sheria hizi ni za majimbo. George W. Bush alilipigia kelele sana 2004 akashinda, na bado kikomo cha nchi nzima kwa madaktari kilikwama Seneti, alichopata ni sheria ya 2005 iliyohamishia kesi nyingi kubwa za kundi, yaani watu wengi wanaoshtaki pamoja, kwenye mahakama za shirikisho. Wa kuwabana kwa maswali ni mgombea ugavana, wabunge wa jimbo, na majaji pale wanapopigiwa kura, maana mahakama ya juu kabisa ya Illinois ilifuta kikomo cha jimbo lake 2010.

"Hayo ni mambo ya Republican." Kile kikomo cha California alikisaini gavana Jerry Brown, wa chama pinzani cha Democrat.

"Aliyeshindwa alipe gharama zote." Kawaida huku kila mtu anamlipa wakili wake. Ukigeuza hivyo kwa kesi zote, mwenye nyumba moja na watoto hatathubutu kulishtaki shirika hata akiwa na haki, maana kesi nzuri nazo hushindwa. Texas 2011 walifanya kidogo tu, kesi isiyo na msingi ikitupwa mwanzoni aliyeileta anaweza kulipishwa gharama za mwenzake, na hiyo naiunga mkono kabisa kwa sababu inamgusa mpuuzi mwenyewe.

Kwa hiyo mgombea akisema "mageuzi" ya sheria za fidia, muulize anakata nini: pesa ya maumivu, ada ya wakili, au muda wa kufungua kesi? Huo muda watu hawauulizi kabisa. Florida, kwenye sheria aliyosaini gavana Ron DeSantis Machi 2023, kesi za uzembe zilitoka miaka minne zikawa miwili, na ukionekana una makosa zaidi ya asilimia 50 kwenye ajali hupati kitu. Kama umeumia huko usisubiri matokeo ya uchaguzi wala bima wakupigie, tafuta wakili wiki hii akuhesabie tarehe yako ya mwisho.