Kitabu kisichofika rafuni

Mzazi akija maktabani kulalamika, kitabu huwa anacho mkononi, na kipande cha karatasi kimechomekwa kwenye ukurasa mmoja. Namkaribisha kiti, namsikiliza, kisha namuuliza kama amekisoma chote. Ni nadra aseme ndiyo. Simlaumu, ukurasa ule ukisomwa peke yake hunishtua hata mimi mkutubi.

Kinachonikera ni neno "marufuku" kubebeshwa kila kitu. Januari 2022 bodi ya shule za McMinn, jimboni Tennessee, Marekani, ilikitoa Maus, kitabu cha michoro kuhusu mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, kwenye mtaala wa darasa la nane, kisa matusi na mchoro wa mtu aliye uchi. Uamuzi huo mimi nauona mbaya, lakini uligusa kitabu ambacho darasa zima lilitakiwa kukisoma. Rafu ya maktaba haimlazimishi mtu.

Kesi ya Island Trees, New York, ilihusu rafu. Bodi ya shule za huko iliviondoa vitabu kadhaa maktabani mwaka 1976. Ikaunda kamati ya wazazi na wafanyakazi wa shule. Kamati iliposhauri baadhi virudishwe, bodi hiyohiyo ikaupuuza ushauri karibu wote. Mwanafunzi Steven Pico na wenzake wakaenda mahakamani. Mwaka 1982 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika 5 kwa 4, na hata wale watano waliokuwa upande wa wanafunzi hawakuafikiana juu ya sababu. Jaji Brennan, mmoja wa hao watano, aliandika kuwa bodi haina ruhusa ya kuondoa kitabu maktabani eti kwa kuchukia mawazo yaliyomo. Kikiwa kimejaa lugha chafu, au hakifai kielimu, hilo ni jambo jingine. Kitabu ambacho hakijanunuliwa hakukigusa.

Mlango huo alioacha wazi nimewahi kuupita. Nilikuwa na orodha ya ununuzi mezani, nikafika kwenye riwaya ya msichana aliyepata mimba akiwa shuleni. Nikawazia simu zitakazopigwa, nikaikata kwa kalamu nyekundu. Hakukuwa na kikao wala muhtasari, na hakuna mzazi aliyekuwa amelalamika. Hesabu ya vitabu vilivyopigwa marufuku haitaujua kamwe mstari ule.

Siku hizi kila jina ninalolikata naliandikia sababu pembeni, na mwenzangu anasoma kabla orodha haijatoka. Sababu inayojirudia kuliko zote ni "bei". Mara nyingine ni kweli.